Muvi zetu: binti akitapika, lazima awe na mimba?

DadaSkripti, Sinza

Wadau, habari za jioni. Naandika skripti za tamthilia hapahapa Dar, na kuna mhusika amenikwamisha. Naomba mawazo ya watu wanaotazama filamu kwa makini.

Anaitwa Neema. Yuko chuo mwaka wa pili, amepanga chumba Sinza kwenye nyumba ya wapangaji wengi, choo kiko uani na wanachangia. Neema ana bulimia. Anakula mpaka anapitiliza, hofu ya kunenepa inamshika, anakwenda kutapika kwa makusudi, kisha anashinda anajichukia. Wala si mwembamba. Ana mwili wa kawaida tu, ule ambao shangazi akija kutoka Tanga anamshika mkono na kusema mtoto amenawiri.

Nilimpelekea prodyusa sehemu ya kwanza, akaisoma nikiwa nimekaa mbele yake. Alipofika pale Neema anatoka chooni anajifuta mdomo kwa pindo la khanga, akanyanyua macho akaniuliza: "Sasa hii mimba ni ya nani?" Nikamwambia hakuna mimba. Akasema mtazamaji hawezi kusubiri mpaka sehemu ya nne ndipo aambiwe si mimba, maana atakuwa ameshapitisha hukumu.

Na ana hoja. Miaka yote hii Bongo muvi, na zile za Nigeria tulizokulia, zimetufundisha kuusoma mwili wa mwanamke kwa namna moja. Binti akikimbilia chooni ameziba mdomo, mama yupo sebuleni anamtupia jicho, tunajua. Akikonda ni UKIMWI, na kama si UKIMWI basi mama mkwe kaenda kwa mganga. Akisukuma sahani, kuna mwanaume. Dalili zote za ugonjwa wa ulaji zimeshachukuliwa na hadithi nyingine, kwa hiyo mgonjwa wa kweli akitokea kwenye skrini hatumwoni. Nahisi hata nyumbani hatumwoni, na hilo linaniuma kuliko skripti yenyewe.

Prodyusa anashauri tutafute msanii mwembamba sana, mifupa ionekane, watu waelewe haraka. Hapo nikagoma. Mwaka 2017 ilitoka To the Bone ya Marti Noxon, Lily Collins akiwa binti mwenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, na Keanu Reeves akiwa daktari wake. Noxon na Collins wote wawili walishapitia magonjwa haya ujanani, kwa hiyo nia njema ilikuwepo. Lakini Collins alipunguza mwili kwa ajili ya filamu ile, na mwenyewe alisimulia kwamba mtu mzima aliyemfahamu siku nyingi alikutana naye akamsifia, akataka kujua anafanya nini mpaka amependeza hivyo. Amekonda ili aonekane mgonjwa, na bado anaulizwa siri ya urembo! Kamera ikikaa sana kwenye mbavu na uti wa mgongo, mwenye afya anashtuka na mwenye ugonjwa anatamani. Sitaki kuandika kitu cha namna hiyo. Wala sitaki msanii wetu, ambaye hata bima ya afya hana, aambiwe akonde kwa sababu ya tamthilia yangu.

Kuna mfano mwingine, wa Diana, yule binti mfalme wa Uingereza. Alipohojiwa na BBC mwaka 1995 alieleza kwamba kwenye bulimia uzito unabaki palepale, kwa hiyo mtu anaweza kuigiza mwanzo mpaka mwisho na asiwepo wa kumshika na ushahidi. Filamu ya Spencer ya Pablo Larraín, ya mwaka 2021, imejaribu kulionyesha hilo. Wako mezani usiku, familia yote ya kifalme inatazama, Kristen Stewart anaukata mkufu wa lulu shingoni, lulu zinadondokea kwenye supu, naye anazitafuna. Ni mawazo yake tu, lakini unapata picha kooni mwake kukoje. Tukio lile nililipenda sana. Ila kule ni jumba la kifalme, mabafu hayahesabiki. Neema ana choo kimoja na majirani wanaojua kila anayeingia.

Naombeni basi mnisaidie: ugonjwa usioonekana kwa mwili tunauonyeshaje kwa mtazamaji wetu, bila kumkondesha mtu na bila kugeuza tamthilia kuwa darasa la kutapika?

Mzee wa Kibanda, Mbagala

Dada yangu, mimi nina kibanda cha kuonyesha mpira na muvi huku Mbagala Zakhem. Prodyusa wako hajakosea kuhusu watazamaji. Niliwahi kuweka muvi moja ya Kizungu, kuna binti mcheza dansi anatapika chooni. Banda zima: "Mimba hiyo!" Muvi ikaisha mtoto hajazaliwa, vijana wakatoka wananung'unika. Mmoja akaja kunidai nusu ya kiingilio, anasema CD mbovu, pale kwenye mimba imeruka.

Mimi nakushauri usipigane na hilo wazo lao. Litumie. Mama mwenye nyumba ndiye awe wa kwanza kusema mimba, tena aseme mbele ya wapangaji wenzake, na mtazamaji akae upande wake. Neema apimwe. Kipimo kitoke hakuna kitu. Kesho yake atapike tena. Hapo banda litatulia, maana jibu walilokuja nalo limewaishia mkononi na bado binti anaumwa.

Mkweli_Tabata

Mimi naomba kutofautiana. Haya ni magonjwa ya Wazungu wenye friji zimejaa. Huku kwetu mtu anahangaika apate mlo, wewe unatuletea anayekula halafu anakwenda kumwaga chooni. Nani atakaa kuangalia hilo? Andika habari za ajira, vijana wamemaliza vyuo wako mtaani.

DadaSkripti, Sinza

Kaka Mkweli, hoja yako naiheshimu, hata mama yangu mzazi aliniambia hivyohivyo. Ila tazama kilichotokea Fiji, nchi ya visiwa kule Pasifiki. Kule mwili mnene ndio uliokuwa sifa, na mtu akipungua ndugu walishtuka wakamhimiza ale, kama sisi. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti wa Harvard, Anne Becker, aliwauliza maswali wasichana wa sekondari mwaka huohuo, akarudi 1998 kuwauliza wengine wa rika lilelile. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anatapika ili apunguze uzito. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Na wenyewe walieleza kwamba wanataka kufanana na wasichana wa kwenye tamthilia za nje. Miaka mitatu tu.

Sisi Dar tuna televisheni tangu zamani, tuna Instagram, tuna chai za kukata tumbo zinazotangazwa na wasanii tunaowapenda. Wakati huohuo tuna shangazi anayetaka uwe na mashavu na umati wa sherehe unaotaka uwe na nyonga. Binti anavutwa huku na huku kwa siku hiyohiyo. Na njaa ya kukosa chakula haiufuti ugonjwa huu. Nyumba moja inaweza kuwa na vyote viwili, na ndiyo maana mwenye ugonjwa hasemi: ataanzaje kusema mbele ya watu wanaohesabu kilo ya unga?

Ya ajira pia nitaandika, nakuahidi.

Tabibu wa Kinywa

Dada, mimi ni tabibu wa kinywa na meno hapa mjini, na swali lako limenigusa. Umesema ugonjwa usioonekana kwa mwili. Alama zipo, ila haziko pale kamera zinapokimbilia. Ziko mdomoni.

Asidi ya tumbo ikipanda mara nyingi inalika lile tabaka gumu la nje la jino. Inaanzia nyuma ya meno ya mbele ya juu, upande unaotazama ulimi, ambako mtu mwenyewe hajioni na hata mchumba wake haoni. Jino linakuwa laini, jembamba, ncha yake inaanza kupitisha mwanga. Kama lilishazibwa, kizibo kinabaki kimeinuka kwa sababu jino linalokizunguka limekwisha. Mgonjwa anakuja na malalamiko madogo tu: maji baridi yanamuuma. Soda na ndimu nazo zinalika meno, kwa hiyo hatumhukumu mtu kwa jino peke yake. Tunauliza taratibu, mlango ukiwa umefungwa na mama amebaki nje.

Jingine sijawahi kuliona kwenye muvi yoyote. Tezi za mate zilizo chini ya masikio huvimba kwa watu hawa. Uso unajaa, unakuwa wa mviringo. Kwa macho yetu hapa nyumbani huo ni uso wa mtu aliyeshiba na kutulia! Nimeshamsikia mzazi akisifia mashavu ya mwanawe, binti mwenyewe yuko kwenye kiti changu, na mimi vidole viko juu ya zile tezi. Shangazi yako wa Tanga unaweza kumtumia hapo.

Kuhusu hatari yenyewe, usiifanye ndogo. Kutapika sana kunapunguza madini ya potasiamu mwilini, na moyo unategemea potasiamu ili upige sawasawa. Mtu mwenye mwili wa kawaida kabisa, anayecheka na wenzake chuoni, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika ghafla. Daktari Gerald Russell aliyeueleza ugonjwa huu kwa jina la bulimia nervosa, London, mwaka 1979, alishaonya mapema kwamba ni hatari. Kwa hiyo prodyusa akikwambia bila mifupa mtazamaji hataogopa, mwambie kipimo cha damu kinatisha kuliko mifupa.

NipoTu

Dada, nimeusoma uzi wote kabla ya kuandika. Huyo Neema wako ni mimi, ila niliishi Kijitonyama, na sasa ninaendelea vizuri.

Nilipokuwa naumwa nilitafuta kila filamu yenye habari hizi. Sikuzitafuta ili nipone. Nilikuwa narudisha nyuma vipande, natazama mhusika anaacha kula nini, namwonea wivu. Na kwa kuwa kila mhusika alikuwa mifupa mitupu amelazwa hospitali, nilijiambia kwamba mimi sijaumwa vya kutosha. Hilo ndilo lililonichelewesha kuliko jambo lingine lolote. Kwa hiyo nakuomba kwa moyo wangu wote: mlango wa choo ukifungwa, kamera ibaki nje. Usitaje kilo. Usitaje kiasi cha chakula. Usionyeshe anavyoficha. Yupo binti atakayetazama akiwa na kalamu kichwani kama nilivyokuwa mimi.

Andika yale ambayo filamu hazioni. Hela, kwa mfano. Bumu langu, ule mkopo wa chuo, liliisha mapema kuliko la wenzangu wote, na nilikopa nikisema nimetuma nyumbani. Hakuna filamu niliyoona mgonjwa anadaiwa. Mwezi wa Ramadhani kila mtu aliniona nimetulia kwenye ibada. Tunafuturu kwa mjomba Magomeni, tambi, mihogo ya nazi, kaimati, uji wa pilipili manga, nimekaa mkekani na watu ninaowapenda kuliko wote duniani, na kichwani nahesabu. Mungu peke yake ndiye aliyekuwa anajua nimekaa pale vipi. Aibu ya usiku ule wa futari ilinitesa kuliko maumivu ya koo.

Na fundi cherehani. Tulikuwa tunashona sare za kichenpati ya binamu yangu, tumejaa kibarazani kwa fundi, yeye ana futi kamba na msaidizi wake ana daftari. Fundi anapima kiuno kisha anataja namba kwa sauti ili msaidizi aandike. Anataja ya mmoja, watu wanapiga vigelegele. Anataja ya mwingine, mama mdogo anasema, "Huyu anakula wapi?" Wote wanacheka kwa upendo kabisa, hakuna aliyenuia ubaya. Zamu yangu ilipokaribia nilikuwa natetemeka magoti. Baadaye sikukumbuka nguo wala sherehe yenyewe, niliikumbuka hiyo namba tu kwa miezi. Usiitaje kwenye skripti. Mwonyeshe fundi anavyofungua mdomo, kisha mwonyeshe Neema.

Nilipataje msaada: binti wa Mbeya tuliyekuwa naye chumba kimoja hakuniuliza habari za mimba. Aliniambia, "Nakusikia usiku. Nitakusindikiza hospitali." Basi. Mwanasaikolojia niliyefikishwa kwake alinianzisha na kitu ambacho kwenye filamu wangekikata, kula kwa saa zilezile kila siku bila kuruka mlo, kwa sababu ukishinda na njaa usiku utapitiliza tu. Na nikishakula, nibaki nimekaa.

Tulikuwa tunakula kwa mama ntilie karibu na chuo, wali maharage na mchicha. Sahani zimeondolewa, mama ntilie anafuta meza kwa kitambaa chenye harufu ya sabuni ya mche, mwenzangu ananisimulia konda wa daladala aliyemzungusha chenji, na mimi mwili mzima unaniamuru nisimame. Nimeshika ukingo wa benchi kwa mikono yote. Mwenzangu anajua, anaendelea na habari za konda. Anaongeza maneno, anairefusha stori kwa makusudi. Watu wanaingia na kutoka na hakuna anayejua pale kwenye benchi kuna nini. Dada, andika hapo. Mkalishe Neema kwenye benchi na usikate mapema.

Tafadhali pia asiponywe na mchumba. Filamu nyingi zinamleta kijana mcheshi anayemfundisha mgonjwa kula tena. Na asiponywe kwa usiku mmoja wa maombi. Dua zilinipa nguvu ya kuvumilia, sikatai, lakini nilipata nafuu, nikarudi nyuma, nikaanza tena, na bado mwezi wa mfungo nawasiliana na mtaalamu wangu kabla haujaandama.

Mkweli_Tabata

Nimesoma ya NipoTu. Pole sana dada, na hongera. Nina mdogo wangu wa kike tumemsema sana kuhusu meno yake, tukajua ni uzembe wa kupiga mswaki. Tabibu, ukimpeleka mtu kliniki mnamwambia mzazi?

Tabibu wa Kinywa

Kaka, kama ni mtu mzima siri yake ni yake. Usimsukumie jibu la ugonjwa, kwa sababu meno yanaharibika kwa mambo mengi. Mlete akaangaliwe kama mgonjwa mwingine yeyote wa meno, na wewe umsubiri nje. Na nyumbani acheni kumsema, iwe ni kuhusu meno au mwili.

DadaSkripti, Sinza

NipoTu, nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Nimekesha na kompyuta.

Mzee wa Kibanda, mama mwenye nyumba sasa ndiye anayesema mimba, na sehemu ya kwanza inaishia kwenye kipimo. Shangazi wa Tanga anasifia mashavu kwenye sehemu ya pili, na ya tano ndipo tunapojua ni tezi. Kwa fundi cherehani hakuna namba inayosikika, nimeandika mashine ya jirani ianze kushona pale fundi anapofungua mdomo. Choo hatukiingii hata mara moja. Tukio la benchi nimelipa kurasa nzima na karibu maneno yote ni ya mwenzake Neema, habari za konda. Prodyusa amesema ni refu. Nimemwomba tulipige kwanza kama lilivyo ndipo abishane nami kwenye kuhariri, akakubali, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kuhusu mimba.

Tumebishana kwa jambo lingine. Muuzaji mmoja wa chai ya kukata tumbo alikuwa tayari kudhamini. Nilimwambia prodyusa tangazo hilo likiingia kwenye tamthilia hii jina langu litoke. Tumemkosa mdhamini, bajeti ya usafiri imepungua, tutapiga Sinza na Mwenge tu. Msanii wa kuwa Neema tumempata, ana mwili wake wa kawaida, na nimeweka kwenye mkataba kwamba hakuna atakayemwambia apungue wala aongezeke.

Kama kuna anayesoma hapa na amejiona, Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na unaweza pia kuanza kwa daktari wa hospitali iliyo karibu nawe. Mweleze waziwazi kwamba unatapika kwa makusudi, usimwachie akisie, asije naye akakupima mimba na kukuruhusu urudi nyumbani.

Tabibu, swali moja kabla hatujapanga siku ya kupiga. Mgonjwa akiwa kwenye kiti anaweza kuyaona meno yake mwenyewe kwa nyuma? Nataka Neema aone kabla hajaambiwa kitu.

Tabibu wa Kinywa

Anaweza. Anashika kioo cha mkononi, mimi naingiza kile kidogo cha mpini nyuma ya meno ya juu na kuelekeza taa, picha inadunda mpaka kwenye kioo chake. Inachukua muda kidogo mpaka mkono wake na wangu vikae sawa, usimharakishe msanii hapo. Njoo na mpiga kamera Jumamosi asubuhi mjaribu, kiti cha pili huwa hakina mtu.